Umeme Unafika Wapi?

Pikipiki yangu ilizimika mara ya kwanza kwenye mzunguko wa Roysambu, saa mbili usiku, nikikata kona ya kushoto kuingia Lumumba Drive. Haikukohoa kwanza wala kutetema. Ilizimika yote kwa mpigo mmoja: injini, taa ya mbele, taa ya nyuma, dashibodi. Nyuma yangu kulikuwa na matatu, na usiku dereva wa matatu anatafuta kitu kimoja tu mbele yake, taa nyekundu. Mimi sikuwa nayo. Nilisikia breki, nikasikia tusi, nikasikia makanga akipiga bodi kwa kiganja. Halafu, nikiwa bado nabingirika pole pole, nikanyoosha usukani na kila kitu kikawaka tena kama vile hakuna kilichotokea.

Jibu la hiyo shida yote lilikuwa hapo, kwenye huo usukani. Ilinichukua miezi miwili na pesa ambazo bado zinaniuma kulisoma.

Nduthi yenyewe ni Kawasaki Ninja 250R ya 2009. Silinda mbili, sisi 249, kabureta mbili, gia sita. Watu wa pikipiki kubwa huiangalia kama mtoto aliyevaa suti ya babake, lakini ukiipeleka juu, elfu tisa, elfu kumi, inalia vizuri hadi unasahau una deni. Mstari mwekundu ni 13,000. Chini ya elfu sita inasinzia. Haina kiki, kuna kitufe cha stata tu, kwa hivyo betri ikilala, nawe unalala, isipokuwa uko kwenye mteremko. Niliinunua kwa jamaa wa Mombasa aliyekuwa akiilaza nje, upepo wa bahari ukiipuliza miaka yote. Aliniambia haijawahi kumsumbua. Nilimwamini kwa sababu nilitaka kuamini. Ilikuwa nyekundu.

Niliinunua laki mbili na nusu. Hapo ndipo lazima nisimulie habari ya baba.

Baba yangu alikuwa fundi wa laini za simu. Miaka mingi alipanda nguzo, akachimba mitaro, akatafuta nyaya zilizokatika kati ya Voi na vijiji vya milimani, enzi zile simu ilikuwa kitu kimoja kizito kwenye kona ya sebule ya mwalimu mkuu. Alipopunguzwa kazini alirudi shambani. Mimi nilipopata nafasi ya kusomea uhandisi wa umeme, alichukua mkopo wa sacco. Sikumwomba. Alichukua tu, akasema mtoto wake ataufanya kwa kalamu umeme alioufanya yeye kwa koleo.

Nikaacha mwaka wa tatu. Sina hadithi kubwa ya kuwapa hapo. Nilikuwa nafeli hesabu, nilikuwa naandika usiku kucha makala za wateja wa mtandaoni ambao sikuwahi kuwaona sura, na siku moja nikagundua kwamba nimekosa madarasa wiki tano na hakuna mtu aliyeniuliza. Nilimpigia baba kumwambia. Alinyamaza, kisha akasema, "Nimekusikia." Akampa mama simu.

Miezi minane baadaye nikapata kandarasi moja nzuri, ya kwanza na mpaka sasa ya mwisho ya aina hiyo, na nikanunua Ninja. Nikaiweka kwenye status ya WhatsApp. Mama aliiona. Na baba, ambaye alikuwa bado anakatwa kila mwezi kwa mkopo wa ada yangu, alionyeshwa.

Hakusema kitu. Sisi watu wa nyumbani tuna mtindo huu, baba kumwita binti yake "mama." Nilikuwa "mama" tangu nizaliwe. Baada ya ile picha, kila nilipopiga simu nilisikia tu kwa mbali, "Mwambie nimesikia."

Sasa rudi barabarani. Shida zilikuwa mbili, au nilidhani ni mbili. Ya kwanza, nikiiacha pikipiki siku mbili bila kuiendesha, haiwaki. Kitufe kinatoa tu mlio wa tak tak tak. Ya pili, hii ya kuzimika ghafla. Mvua za Aprili zilipoanza zikaongezeka zote.

Fundi wa kwanza alisema betri. Kwa haki, ukimwambia fundi yeyote wa mtaani kwamba pikipiki haiwaki, atasema betri, na mara nyingi atakuwa sawa. Nikanunua betri. Wiki tatu ikafa. Fundi wa pili akasema ile betri ilikuwa feki, nikanunua nyingine. Fundi wa tatu, huyu wa Kirinyaga Road, alizungumza na rafiki niliyekuja naye dakika kumi nzima kabla ya kuelewa pikipiki ni ya nani. "Kumbe ni yako, siste? Nilidhani ni ya huyu jamaa." Akasema rektifaya. Tukanunua rektifaya, akaichomeka, tukaelewana bei. Nikaendesha hadi Roysambu, ikazimika kwenye mzunguko ule ule.

Fundi wa nne ndiye aliyenifikisha mwisho. Aliinua kiti, akaangalia ndani kama mtu anayeangalia choo cha jirani, akasema wiring yote itolewe, tuweke nyingine. Elfu arobaini na tano, pamoja na kazi. "Hizi haziangaliwi waya moja moja, madam. Zinabadilishwa."

Sikuwa na elfu arobaini na tano. Nilikuwa na jamaa wa Juja aliyekuwa tayari kuichukua kwa laki mbili, aje Jumapili. Na nilikuwa najua jambo moja: ukiichaji betri usiku, ukamletea asubuhi, ukamwambia ajaribu kwa barabara iliyonyooka, ingekuwa pikipiki safi kabisa. Ingewaka kwa mguso mmoja. Ningeweza kumwambia haijawahi kunisumbua.

Ijumaa usiku nilikaa nayo kwenye ploti, chini ya taa ya ngazi, nikifikiria kona ya kushoto na huyo jamaa wa Juja, ambaye kwenye picha yake ya WhatsApp alikuwa amebeba mtoto. Nikampigia baba. Si mama. Nambari ya baba mwenyewe.

"Shikamoo baba."

"Marahaba."

Kimya. Nikaanza kueleza haraka haraka, kabla hajampa mama simu. Betri mbili, rektifaya, fundi wa elfu arobaini na tano. Nilieleza kila kitu. Nilisubiri "nimekusikia."

Akasema, "Mmenunua vitu vingi. Mmepima nini?"

Nikasema hatujapima kitu.

"Una mita?"

Sikuwa na mita. Nimesoma saketi mihula mitano, nimefaulu mtihani wa Kirchhoff, nimechora Thevenin hadi mkono ukauma, na katika nyumba yangu hakukuwa na mita. Baba alivuta pumzi. "Kesho nunua. Usiulize kitu gani kimeharibika. Uliza umeme unafika wapi. Unafika hapa? Songa. Haufiki? Rudi nyuma." Kisha akakata. Hakupenda kamwe kumaliza mazungumzo kwa kwaheri, hilo si la kunikasirikia mimi tu.

Jumamosi asubuhi nilikuwa Luthuli Avenue. Mita ya manjano, shilingi mia tisa baada ya kubishana. Nikamwandikia jamaa wa Juja kwamba Jumapili haitawezekana.

Betri niliyokuwa nimeichaji usiku kucha na kuiacha ipumzike ilisoma volti 12.7. Hiyo ni betri nzima. Niliirudisha kwenye pikipiki saa nne usiku bila kuwasha chochote. Saa mbili asubuhi iliyofuata ilisoma 12.4. Nikampigia. "Kuna mtu anakunywa usiku," akasema. Akanieleza namna ya kumkamata: toa waya wa hasi kwenye betri, weka mita katikati ya waya na betri, upande wa ampea, ili umeme wote unaotoka upite ndani ya mita kwanza. "Anza na tundu la ampea kumi. Na usiguse ufunguo."

Niliuweka sawa. Pikipiki ikiwa imezimwa kabisa, mita ikasoma 0.18. Yaani miliampea 180. Nikashusha kwenye tundu dogo nione vizuri zaidi, na hapo, sijui kwa nini, mkono wangu ukawasha ufunguo. Taa ya mbele ikajaribu kuwaka kupitia tundu la miliampea 200. Mita ikanyamaza.

"Baba, mita imekufa."

"Umewasha ufunguo."

"Ndiyo."

Akacheka. Kicheko kile cha puani, kifupi. Nilikuwa sijakisikia mwaka mmoja na zaidi. "Fungua nyuma, kuna fyuzi ya kioo. Nunua tano, maana utaichoma tena."

Fanyeni hesabu pamoja nami, ndiyo hesabu ya kwanza ya umeme ambayo imewahi kunifurahisha. Betri yangu imeandikwa 8Ah. Miliampea 180 kwa saa 24 ni ampea-saa 4.3. Siku mbili ni 8.6. Basi siku mbili ikisimama, imekwisha. Si betri feki, si laana. Ni kugawanya tu. Mafundi wawili waliniuzia betri mbili wakati mtu yeyote mwenye mita ya mia tisa angeona tundu kwenye ndoo.

Nilitoa fyuzi moja moja huku nikiangalia mita. Kama kinywaji kiko kwenye laini ya fyuzi hiyo, kisomo kinashuka. Hakikushuka. Zote zilitoka, bado 0.18. Baba akasema basi huyo hapiti mlangoni, ameingia kwa dirisha. Kuna waya umefungwa moja kwa moja kwenye betri. Niliufuata kwa vidole kutoka kwenye nati ya chanya hadi chini ya mkia. Kulikuwa na kifurushi cha selotepu nyeusi, kimeshikana kama halua. Ndani yake alamu ya wizi ambayo mwenyewe wa zamani aliiweka na haikuwa imelia hata siku moja mikononi mwangu. Nyaya zake zilikuwa zimesokotwa tu kwa mkono, bila kulehemu, na shaba yake imegeuka kijani. Chumvi ya bahari. Niliitoa yote. Mita ikaenda sifuri, na kwenye tundu dogo ikabaki chini ya miliampea moja.

Kwa hiyo tumemkamata mmoja. Nikaiwasha, nikapima chaji. Hapa kanuni ni rahisi: injini ikiwa elfu nne, kwenye betri unatafuta volti 14 na kitu. Mimi nilipata 12.9. Na rektifaya ilikuwa mpya.

Sitawachosha na kila simu. Zilikuwa nyingi, karibu kila jioni, na kila moja ilihusu kitu kimoja tu. Hakuniuliza nakula nini. Sikumuuliza mkopo umebaki ngapi. Tulizungumza volti. Lakini niligundua alikuwa anasubiri simu, kwa sababu jioni moja nilichelewa, na saa tatu usiku nikaona ujumbe wa maneno matatu: "Umepima zile tatu?"

Zile tatu ni nyaya zinazotoka kwenye koili ya injini, rangi moja zote, zinazopeleka umeme wa mabadiliko kwa rektifaya ili iugeuze kuwa wa moja kwa moja. Unazichomoa, unawasha injini, unapima mbili mbili: ya kwanza na ya pili, ya pili na ya tatu, ya tatu na ya kwanza. Muhimu kuliko namba yenyewe ni kwamba zilingane. Zangu zilisoma 50, 51, 50. Kisha injini imezimwa, unapima kila moja dhidi ya chuma cha injini. Isiwe na njia yoyote ya kupita. Haikuwa nayo. Koili ilikuwa nzima.

Ila kabla ya kupima hayo ilibidi nivue kava za plastiki za upande wa kushoto na kufikia plagi yenyewe, na plagi ndiyo ilikuwa hadithi. Plastiki nyeupe imekuwa rangi ya chai. Tundu moja kati ya matatu limeyeyuka, pini yake nyeusi ti. Yule fundi wa Kirinyaga Road alikuwa ameichomoa rektifaya ya zamani kutoka kwenye plagi hii na kuchomeka mpya kwenye plagi hii hii, macho yake yakiwa pale. Pini iliyoungua ina ukinzani, ukinzani unaleta joto, joto linaunguza zaidi, hadi njia moja kati ya tatu inakuwa kama haipo. Kawasaki hawana kosa hapo. Ni miaka kumi na kitu ya unyevu na chumvi.

"Kata plagi, unga moja kwa moja," baba akasema.

"Nisokote?"

"Nani amekufundisha kusokota? Washa video."

Ndiyo mara ya kwanza nilipoona uso wake. Alikuwa amekaa kwenye kigoda nje, mvi zimeongezeka kidogo juu ya masikio, ana nyaya mbili mkononi ambazo alikuwa ameshazichuna. Alizikutanisha kama vidole viwili vinavyosalimiana, zikapishana katikati. Akashika ya kwanza akaizungusha kwenye mwili wa ya pili, mizunguko ya kubana isiyoachana nafasi, mitano, sita. Kisha ya pili kwenye mwili wa ya kwanza, kuelekea upande wa pili. Akavuta kwa nguvu zote. Haikusogea. "Hii tuliifanya juu ya nguzo. Upepo unavuta, ndege wanakaa juu yake, haiachii. Ukiivuta ndiyo inakaza." Risasi ya kulehemu ni ya juu tu, akasema, ya kufunga hewa isiingie. Waya unashikwa na mizunguko.

Nilifanya ya kwanza mara nne. Alikuwa anatazama kimya, karibu sana na simu, naona pua tu. Nikalehemu, nikavuta ule mpira unaojibana ukipashwa moto, nikaupitisha kwa kiberiti cha gesi. Tatu zote. Nikawasha. Elfu nne: 14.2.

"Ngapi?" aliuliza.

"Kumi na nne nukta mbili."

"Haya mama, zima, usipoteze mafuta."

Sijui kama alijisikia akisema. Mimi nilisikia. Nikazima.

Kesho yake nikaenda Roysambu, nikakata kona ya kushoto, ikazimika.

Nilikaa pembeni ya barabara nikiwa nimevaa kofia ya chuma, nikalia kidogo, si sana, kwa hasira hasa. Kwa wiki mbili tulikuwa tumetafuta na kupata, na tulivyopata vilikuwa kweli, lakini hakuna kati yake kilichokuwa kile kilichokaribia kuniua. Hili ndilo jambo ambalo pikipiki kuukuu hukufundisha kwa ukatili: inaweza kuwa na magonjwa matatu kwa wakati mmoja, na ukitibu mawili unajiona daktari.

Nilipima tena kila mahali. Betri 12.6. Kabla ya swichi ya ufunguo, 12.6. Baada ya swichi, 12.6. Kila mahali umeme unafika. Nilimpigia nikiwa na sauti ya mtu anayetaka kukata tamaa kwa heshima.

"Ulipima taa ikiwaka?"

"Hapana, nilizima."

"Basi hujapima. Mita haibebi mzigo. Waya wa nyuzi thelathini, zikikatika ishirini na tisa, ule uzi mmoja utaiambia mita volti 12 bila wasiwasi. Mpe kazi ya kubeba ndiyo uone."

Hiyo ni sheria ya Ohm. Naijua tangu kidato cha pili. Volti zinazopotea ni mkondo mara ukinzani. Mkondo ukiwa karibu sifuri, kinachopotea ni karibu sifuri, hata waya uwe mbovu kiasi gani. Niliwahi kuiandika kwenye mtihani na kupewa maksi zote. Sikuwahi kujua kwamba inaweza kusimama kati yangu na matatu.

Niliwasha taa ya mbele. Kabla ya swichi, 12.3, sawa, betri inashuka kidogo ikifanya kazi. Baada ya swichi, 10.9. Karibu volti moja na nusu imepotea ndani ya kipande cha njia kisichozidi urefu wa mkono wangu. Bila kuondoa ncha za mita nikashika usukani, nikaukunja kulia. 10.9. Nikaukunja kushoto, pole pole, hadi mwisho.

Sifuri. Taa ikafa. Dashibodi ikafa. Nikanyoosha, vyote vikarudi.

Nilifanya hivyo labda mara kumi. Kushoto, giza. Katikati, mwanga. Jirani wa juu alichungulia kwenye ngazi akauliza kama niko sawa.

Kilichobaki kilikuwa kugawanya. Nilichomoa plagi ya swichi, nikaweka mita kwenye mlio. Ufunguo ukiwa wazi, kati ya waya mweupe unaoleta umeme kutoka betri na ule wa hudhurungi unaoutoa, mita inalia. Nikikunja kushoto inanyamaza. Lakini ni swichi au ni waya? Baba akasema nitafute sindano ya kushonea. Nikaichoma kwenye waya mweupe, kupitia ganda lake, karibu kabisa na swichi, kisha nikapima kutoka kwenye plagi hadi sindanoni. Usukani kati, mlio. Kushoto, kimya. Basi swichi haina hatia. Ni huo waya, na ni hapo katikati, mahali unapopinda kila mara usukani unapogeuka, miaka kumi na kitu, kushoto kulia kushoto kulia. Nje ganda ni zima kabisa, linang'aa hata. Nilipolipasua kwa wembe, ndani kulikuwa na shaba iliyokatika kama kamba ya mbuzi, na nyuzi mbili tatu zimeshikilia.

Fundi wa elfu arobaini na tano, kusema kweli, angelitibu hili. Angetoa waya huu pamoja na mingine yote mizima, na mimi nisingejua kamwe ni upi.

Nilikata kipande kibovu, nikaunga kipya kirefu kidogo ili kisivutwe usukani ukigeuka, mizunguko sita kila upande. Volti zilizokuwa zikipotea zikawa chini ya 0.2. Nilirudi kwenye mzunguko wa Roysambu usiku ule nikakata kona ile mara tatu mfululizo. Makanga wa stejini walidhani nimepotea.

Jamaa wa Juja aliuliza tena mwezi wa saba. Nilimweleza vyote vitatu, na nilivyovitengeneza, nikamtumia picha za viungo. Akasema ahsante, akanunua Pulsar.

Desemba nikaendesha hadi Voi. Nilisimama Mtito Andei kunywa soda, nikatoa mita kwenye begi, nikapima injini ikiwaka, nikapiga picha: 14.1. Nikamtumia. Alijibu kabla soda haijaisha: "Joto limezidi huko. Ni sawa. Endesha mchana."

Nilifika saa kumi jioni. Mama alinikumbatia na kofia ikiwa bado kichwani. Baba alitoka nyuma ya nyumba, akapokea shikamoo yangu, akaizunguka pikipiki mara moja bila kuigusa. Kisha akachuchumaa, akaingiza mkono chini ya kava ya kushoto, akatafuta viungo kwa vidole. Cha kwanza. Cha pili. Kwenye cha tatu akasimama.

"Hiki umekifunga ukiwa na haraka."

"Betri ya simu ilikuwa inaisha."

Alienda ndani akarudi na koleo lake la zamani, lile la mikono myekundu iliyochakaa, na kipande cha waya. Akakaa kwenye kigoda. Alianza kuchuna ule mpira taratibu, akaniuliza bila kuinua kichwa, "Ilibaki mihula mingapi?"

"Mitano."

"Na wanamrudisha mtu?"

"Unaandika barua. Sijui kama nataka, baba."

Koleo halikusimama. "Mkopo unaisha Machi," akasema.

Nikamwambia naweza kuanza kulipa hiyo miezi iliyobaki. Nikamwambia nilipaswa kuilipa kabla ya kununua hii. Nilikuwa nimeyafanyia mazoezi maneno hayo kutoka Emali, ndani ya kofia, kwa sauti, na yalitoka mafupi kuliko nilivyopanga.

Alinyamaza muda mrefu. Jua lilikuwa limeshuka nyuma ya milima na hakuona vizuri tena alichokuwa anafanya.

"Nimekusikia," akasema. "Leta tochi, unimulikie hapa."